Uliza Mwalimu: Mnara wa Coucy na barua za wasomaji wa Kusini

Toleo lililopita tulichapa picha ya zamani ya mnara wa mviringo uliokuwa katika kijiji cha Coucy-le-Château, kaskazini mwa Ufaransa, kati ya miji ya Laon na Soissons. Chini ya picha niliandika mistari michache tu: kwamba ulijengwa karne ya 13, kwamba ukuta wake ulikuwa na unene wa mita 7, kwamba ulisifiwa kuwa mkubwa kuliko minara yote ya aina yake Ulaya, na kwamba leo haupo. Barua zilizokuja zimenifurahisha sana. Wengi walioandika si watu wa shule. Ni mafundi, wakulima, wazee waliosikia habari za vita kwa wazazi wao. Nimechagua sita, na mbili kati ya hizo nimezijibu kwa urefu kuliko kawaida ya ukurasa huu kwa sababu zinastahili.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi mwashi hapa Masasi. Uliandika ukuta wa mnara ule ulikuwa na unene wa mita saba. Nilifikiri ni makosa ya uchapaji, labda ni sentimita sabini. Kama ni kweli mita saba, kwa nini mtu ajenge hivyo? Na walipandishaje mawe bila winchi, wakaunganishaje bila saruji?

Marahaba, fundi. Si makosa ya uchapaji. Chini kabisa ukuta ulizidi mita 7. Mnara wote ulikuwa na kipenyo cha mita 31 hivi, na kimo chake kilifika mita 54. Chukua mnazi mrefu kuliko yote unaoujua, usimamishe mwingine juu yake, na bado hujafika kileleni.

Ndani kulikuwa na kumbi tatu, moja juu ya nyingine, kila moja ya pande kumi na mbili. Kila ukumbi uliezekwa kwa dari la kuba la mawe, lenye mbavu zinazotoka kila pembe na kukutana katikati. Pale katikati waliacha tundu la duara, na kwa tundu hilo watu wa juu walivuta kwa kamba chakula, maji na silaha. Kisima kilikuwa humo humo ndani, chini. Ngazi haikuchukua nafasi ya chumba hata kidogo, kwa sababu ilipita ndani ya ukuta wenyewe. Ukiwa na ukuta wa mita 7, unaweza kuficha ngazi, vyoo na njia za kupita bila kuupunguzia nguvu.

Sababu ya unene ni vita vya zama zile. Kabla ya mizinga kulikuwa na mitambo mikubwa ya mbao ya kurusha mawe, na kulikuwa na wachimbaji. Hawa wa pili ndio walioogopwa zaidi. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester, ambayo mnara wake ulikuwa wa pande nne. Watu wake walichimba chini ya pembe moja, wakaishikilia kwa magogo, kisha wakayachoma magogo kwa mafuta ya nguruwe arobaini. Pembe ikaanguka. Wajenzi wa Ufaransa walikwisha kuiona hatari hiyo. Mnara wa duara hauna pembe ya kuchimbwa, na jiwe linaloupiga hukutana na uso uliopinda.

Sasa kazi yenyewe, ambayo najua ndiyo unayoitaka. Karne ya 19 msanifu majengo Eugène Viollet-le-Duc alipewa kazi ya kuukarabati mnara huu, akaukagua jiwe kwa jiwe. Aliona mashimo ya jukwaa kwenye uso wa nje. Wewe unajua, jukwaa la kawaida huacha mashimo yaliyopangwa sawasawa, mstari juu ya mstari. Mashimo ya Coucy hayakuwa hivyo. Yalipanda kidogo kidogo yakiuzunguka mnara. Maana yake walichomeka magogo ukutani, wakatandika mbao juu yake, wakapata njia ya mwinuko inayouzunguka mnara tangu chini, na kila ukuta ulipopanda, njia nayo iliongezwa. Mzigo ulipita juu ya jengo lile lile lililokuwa likijengwa. Nimewaeleza jambo hili wanafunzi miaka mingi na bado linanisisimua.

Kuhusu kuunganisha, walitumia chokaa. Jiwe lilitoka kwenye kilima hicho hicho walichojenga juu yake, maana Coucy imekaa ncha ya uwanda wa mawe ya chokaa juu ya bonde la mto Ailette. Uso wa nje na wa ndani ulikuwa wa mawe yaliyochongwa, na katikati wakajaza kokoto na mawe madogo yaliyoshindiliwa kwa chokaa na mchanga. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa Kilwa Kivinje, na alikuwa mkali sana kwa watu wenye haraka. Matumbawe yakishachomwa juu ya lundo la magogo, unga wake aliuacha upigwe na mvua kwa miezi kabla hajakubali kuuza. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, na kwenye ukuta wa mita 7 hewa haifiki katikati upesi. Moyo wa ukuta ule ulibaki mbichi kwa muda mrefu sana.

Ndiyo maana walizungusha ndani ya ukuta, kila baada ya kimo fulani, mihimili minene ya mbao iliyofungamanishwa kwa duara zima. Kazi yake ni ile unayoifanya wewe ukifunga nondo kwenye linta ya kuzunguka nyumba: kuushika ukuta usifunguke wakati chokaa haijashika na uzito wa kuba unasukuma nje. Baada ya karne kadhaa mbao zilioza, zikaacha mifereji mitupu ndani ya ukuta. Viollet-le-Duc aliukuta mnara umepasuka, akaufunga kwa mikanda miwili mikubwa ya chuma. Mfaransa huyu aliwaheshimu mafundi wa kale, na kila mwashi angependa mkaguzi wa namna hiyo.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu Lindi. Kitabu chetu kinasema katika ukabaila mfalme ndiye aliyekuwa juu ya wote. Sasa ilikuwaje mnara mkubwa kuliko yote ujengwe na mtu ambaye si mfalme? Na mfalme alikubali vipi?

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko maswali mengi ya mtihani niliyosahihisha.

Aliyejenga ni Enguerrand III, bwana wa Coucy, katika miaka ya 1220 na kuendelea. Kwanza jua ukubwa wa mnara wa mfalme. Mfalme Philippe Auguste alikuwa amejenga mnara wake mkuu Paris, pale Louvre, ambapo leo kuna jumba la makumbusho. Ule ulikuwa na kipenyo cha mita 15 hivi na kimo cha mita 30 hivi. Enguerrand aliuzidisha kipenyo mara mbili, na kimo akakaribia kukizidisha vivyo hivyo. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Ukoo wake ulikuwa na usemi uliojulikana Ufaransa nzima, kwamba bwana wao si mfalme, wala mwana wa mfalme, wala hana haja ya cheo kingine chochote. Yeye ni bwana wa Coucy, basi.

Enguerrand hakuwa mwasi tangu mwanzo. Mwaka 1214 alipigana upande wa Philippe Auguste katika vita vya Bouvines, vita vilivyoupa ufalme wa Ufaransa nguvu mpya. Lakini mwaka 1226 Mfalme Louis VIII alifariki, akamwacha mrithi wa miaka 12, Louis IX, chini ya uangalizi wa mama yake, Blanche wa Castile. Makabaila waliona mfalme mtoto na mwanamke mgeni, wakadhani wakati wao umefika. Enguerrand alikuwa miongoni mwao. Mnara ulikuwa ukipanda katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo usiseme mfalme alikubali. Mfalme alikuwa mtoto, na mama yake alikuwa na moto mwingi wa kuzima.

Nguvu za kabaila zilikuwa na mizizi chini. Wakulima wa vijiji vyake walilima ardhi yake, walisaga nafaka kwenye kinu chake kwa malipo, walioka mkate kwenye tanuri lake kwa malipo, na msitu ulikuwa wake na kila mnyama aliyekuwamo. Hapo kwenye msitu ndipo hadithi inapogeuka, na nataka uisome polepole.

Miaka ya 1250 bwana wa Coucy alikuwa Enguerrand IV, mwana wa mjenzi. Vijana watatu kutoka Flanders walikuwa wakisoma katika abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Saint-Nicolas-aux-Bois, jirani na ardhi yake. Walitoka na pinde na mishale kuwinda, wakavuka mpaka wakaingia msitu wa Coucy. Walinzi wakawakamata. Enguerrand aliamuru wanyongwe, bila baraza wala hukumu. Walikuwa wageni, hawakujua desturi za pale, na hawakuwa na silaha za vita.

Habari zikamfikia Louis IX, ambaye sasa alikuwa mtu mzima. Mwaka 1259 mfalme alimwita Enguerrand ajibu. Enguerrand alidai ahukumiwe na makabaila wenzake peke yao, kisha akadai kesi iamuliwe kwa mapambano ya silaha, kama ilivyokuwa haki ya watu wa daraja lake. Mfalme alikataa. Alisema maskini na watu wa kanisa hawawezi kupata haki dhidi ya mkubwa kwa njia ya upanga. Akamtia ndani. Na wapi? Katika mnara wa Louvre. Bwana wa mnara mkubwa kuliko yote alilala chini ya ulinzi katika mnara ulio nusu ya wake. Makabaila walimlilia mfalme hata akamwachia uhai, lakini alitozwa faini nzito sana, akapokonywa msitu wenyewe, na akatakiwa kugharimia misa za kuwaombea vijana wale watatu.

Kwa hiyo ukiandika insha, usiandike tu kwamba mfalme alikuwa juu. Andika kwamba mwaka 1225 jambo hilo lilikuwa na ubishi, na Enguerrand III alibisha kwa mawe. Mwaka 1259 mfalme alijibu kwa mahakama. Mwalimu wako akikunyima alama kwa hilo, mwonyeshe ukurasa huu.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Ninaishi jirani na abasia yetu ya Ndanda. Nimesikia kwamba chini ya ngome ile nako kulikuwa na abasia ya Wabenediktini. Watawa waliishije na majirani kama hao?

Milele amina. Ni kweli. Abasia ya Nogent ilianzishwa karne ya 11, chini ya kilima cha Coucy, na ilikuwa ya shirika la Mtakatifu Benedikto kama Ndanda. Kati ya maabate wake alikuwamo Guibert, aliyechaguliwa mwaka 1104 na kuacha maandishi yanayosomwa hadi leo. Ni kwa kalamu yake tunajua ukatili wa Thomas de Marle, bwana wa Coucy aliyetangulia mnara huu kwa karne nzima, ambaye alitesa wafungwa wake mpaka walipe fidia. Enguerrand III naye alitengwa na Kanisa baada ya kuwavamia mapadri wa kanisa kuu la Laon na kumkamata mkuu wao.

Lakini ujirani haukuwa vita kila siku. Kulikuwa na desturi moja ambayo lazima nikusimulie. Sikukuu za Noeli, Pasaka na Pentekoste, mjumbe wa abasia ya Nogent alipanda hadi ngomeni akiwa juu ya farasi wa kulimia, amejifunga mfuko wa mbegu, mkononi ana mjeledi, na kikapu cha vitafunio vya unga vilivyotiwa nyama ndani na kukaangwa. Nyuma yake anafuata mbwa aliyekatwa masikio. Mbele ya mnara kulikuwa na simba wa mawe. Mjumbe alizunguka mara tatu akipiga mjeledi, kisha akashuka, akapiga goti, na kama kila kitu kilikuwa sawa, akapanda juu ya simba, akamkumbatia, na vitafunio vikagawiwa. Kikipungua kitu kimoja, hata msumari mmoja kwenye kwato za farasi, au farasi akijisaidia katikati ya sherehe, farasi anachukuliwa na mjumbe anatozwa faini.

Wako wanaoona hilo kuwa mchezo wa kuchekesha. Mimi ninapolisoma namfikiria yule mjumbe usiku wa kuamkia Noeli, akikagua kwato za farasi kwa taa, msumari kwa msumari.

Mwalimu, kwa kifupi tu, maana huku Newala ni msimu wa korosho: mnara huo uliwahi kutekwa? Na uliishia kwa nani?

Ngome ilizingirwa zaidi ya mara moja, na mwanzoni mwa karne ya 15 iliwahi kusalimu amri, lakini hakuna adui wa zama zile aliyeweza kuuangusha mnara. Ukoo uliishiwa wanaume kwa Enguerrand VII, mkwe wa Mfalme Edward III wa Uingereza. Alitekwa na Waturuki katika vita vya Nicopolis mwaka 1396, akafa kifungoni Bursa mwaka uliofuata. Binti yake aliuza mali kwa Louis, dyuki wa Orléans, mwaka 1400, na mjukuu wa Louis alipofikia kiti cha enzi, mnara uliojengwa kumtishia mfalme ukawa mali ya mfalme.

Mwaka 1652 Kardinali Mazarin, aliyekuwa akizima uasi wa makabaila, aliagiza ngome ivunjwe isitumike tena. Baruti ikaangusha madari ya kuba na sehemu za boma. Ukuta wa mnara ukabaki. Mwaka 1692 tetemeko la ardhi likaupasua. Ukabaki.

Uza korosho zako salama.

Mwanangu Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee wa Nyangao. Umesema mnara haupo. Mjukuu wangu amenisomea kwamba waliouvunja ni Wajerumani, katika ile vita yao ya kwanza. Ndiyo vita hiyo hiyo iliyopita hapa kwetu Mahiwa? Na kwa nini mtu avunje kitu asichokihitaji wala kumzuia?

Shikamoo, mzee wangu. Ndiyo vita hiyo hiyo, na mwaka ule ule.

Wajerumani waliishika Coucy tangu mwaka 1914. Mwanzoni mwa 1917 waliamua kurudi nyuma kwenye mstari mpya wa ulinzi, ulio mfupi na wenye nguvu zaidi. Kabla ya kuondoka waliamriwa wasiache chochote kitakachomfaa adui. Kati ya Februari na Machi walichoma vijiji, walivunja madaraja na njia za reli, waliharibu visima, walikata hata miti ya matunda. Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria, aliyekuwa kamanda mkuu katika eneo hilo, aliomba ngome ya Coucy iachwe. Alisema haina faida ya kijeshi kwa upande wowote. Alikuwa sahihi, kwa sababu mbele ya mizinga ya 1917 mnara wa karne ya 13 haukuwa kitu. Jenerali Ludendorff, aliyekuwa na kauli juu ya vita nzima, hakumsikiliza. Tani 28 za baruti zikawekwa ndani ya ngome. Mnara ule, pamoja na minara minne ya pembeni, ukaporomoka mwezi Machi 1917. Mji mdogo uliouzunguka nao ukabaki vifusi.

Umeniuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba walijua unapendwa. Ulionekana bondeni kutoka mbali, kila mtu wa eneo lile alikua akiutazama, na kuuondoa ilikuwa njia ya kumuumiza adui ambaye huwezi kumfikia kwa risasi. Sioni sababu nyingine inayosimama baada ya ombi la Rupprecht.

Miezi saba baadaye vita ikawa mlangoni kwako. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, kati ya Nyangao na Mahiwa, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, wengi wao askari weusi wa koloni hili, walipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wa Nigeria, wa India na wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza watu zaidi ya elfu mbili, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini hawakuwa na wa kuwaziba. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Huku nyuma aliacha yale yale waliyoyaacha wenzake Ufaransa: maghala matupu.

Bibi yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alisimulia kwamba walizika mtama kwenye vyungu msituni, na kwamba mama yake aliwakataza watoto wasiwaonyeshe askari wa upande wowote, kwa sababu wote walikula. Alisimulia pia habari za wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo risasi, unga na vipande vya mizinga vilibebwa vichwani. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na homa katika vita ile ni wengi mno kuliko askari waliokufa kwa risasi. Ndugu wawili wa babu yake walichukuliwa, na hawakurudi.

Mzee wangu, nakuomba jambo moja. Mwambie mjukuu wako aandike yote unayoyakumbuka kutoka kwa wazazi wako kuhusu Mahiwa: ni shamba gani lilikuwa kambi, ni kisima gani kilitumika, nani alichukuliwa. Habari za Coucy zimeandikwa sana. Za wapagazi wa Nyangao bado zimo vichwani mwa watu wa umri wako, na gazeti hili litazichapa.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana ninayetembeza wageni Kilwa Masoko. Kwa nini Wafaransa hawakuujenga upya mnara wao, na fedha wanazo? Na sisi kwa nini tusiijenge ngome ya Gereza na jumba la Husuni Kubwa ziwe mpya kabisa, wageni wapate cha kuona?

Marahaba, mwanangu. Baada ya vita Wafaransa walijenga upya nyumba za Coucy, kwa sababu watu walihitaji pa kuishi. Ngome waliamua kuiacha ilivyovunjwa, iwe ushahidi wa yaliyotendwa. Walisafisha vifusi vya sehemu nyingine, wakaimarisha kuta zilizobaki. Leo mgeni anaona kilima cha mawe pale mnara ulipokuwa, anaona kuta za mji na malango yake, na katika lango la Soissons kuna makumbusho madogo yenye mfano wa ngome ilivyokuwa. Nadhani waliamua vema. Mnara mpya ungekuwa kazi ya karne ya 20, na ungefuta mwaka 1917 kana kwamba haukuwahi kutokea.

Sasa njoo nyumbani. Ukitaka Gereza ya Kilwa Kisiwani iwe mpya, utaijenga ipi? Wareno wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani, ya miaka ya 1800 hivi, juu ya mabaki ya Wareno. Husuni Kubwa nayo ni ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa zama ambazo Ibn Battuta alifika Kilwa, mwaka 1331. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa, na mgeni akielezwa hivyo anaona akili ya fundi kwenye upana wa chumba. Ukitandaza zege juu, umeifuta akili hiyo.

Kinachohitajika ni kuzuia yasianguke zaidi. Bahari ilikuwa ikiila Gereza. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa, ambayo Ufaransa na Japani zilisaidia kuigharimia. Kazi hiyo iendelee, na iendelee kwa chokaa. Nasema hili kwa nguvu zote: saruji isiguse ukuta wa matumbawe. Inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linabunguka nyuma yake huku uso ukionekana mzima. Ukiona fundi ameleta mfuko wa saruji kwenye magofu, nenda ofisini siku hiyo hiyo ukaseme.

Na wageni wana cha kuona, ukiwa na cha kuwaambia. Kwa Wafaransa unalo jambo moja kubwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara wao aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani Hassan wa Kilwa. Apewe watumwa elfu moja kila mwaka, kwa piasta 20 (sarafu za fedha za zama zile) kila mmoja, na piasta 2 juu yake kwa sultani. Mkataba udumu miaka mia moja. Na ili kuthibitisha neno lake, sultani alimpa Morice ngome, aweke mizinga yake na bendera yake humo. Watumwa walipelekwa kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Mauritius, kulima mashamba ya Wafaransa.

Nimewatembeza wageni kadhaa wa Kifaransa pale kisiwani, na walioijua habari hiyo ni wachache. Waeleze wakiwa wamesimama mlangoni mwa Gereza, kwa upole na bila kupunguza, kisha waache waulize. Mimi walinibakiza hapo kwa maswali mpaka nahodha akaanza kutuita kwa sababu maji yanakupwa.

Barua zinazohusu boma la Mikindani nimezipokea. Nitazijibu toleo lijalo.